Mtani wa Simu Alivyomuigiza Baba Msibani

Admin, nifichie jina langu vizuri, maana hapa Tabora najulikana kuliko diwani. Nina miaka ishirini na sita. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, sikumbuki vizuri. Nabandika protekta na kuuza makava ya simu pale Mtendeni. Kiingereza changu ni cha kwenye boksi la simu tu, ila boksi lolote nalisoma bila kigugumizi.

Tuna grupu letu la wapenda simu. Kampuni sizitaji, tunaitana kwa rangi za maboksi: Timu Bluu na Timu Nyeupe. Mwenyekiti wa Bluu ni mimi. Simu mpya ikizinduliwa huko ng'ambo, kabla haijafika hata Dar nimeshaichambua kioo, kamera na chaji, na Nyeupe wote nimewalaza na viatu. "Hiyo yenu siyo simu, ni kioo cha kunyolea ndevu!" Aliyekuwa ananiweza ni mmoja tu, mwenyekiti wao, rafiki yangu tangu utotoni, nimuite Maganga. Tulirushiana maneno mpaka nikatangaza rasmi kwenye grupu kwamba kuanzia sasa Bluu na Nyeupe ni watani, na mtani hachukii. Watu wakamwaga emoji za makopa.

Baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku kule Usoke. Simu yake ya boksi la bluu nilimpa mimi, ikachoka, ikawa inazima hovyo. Maganga alipokwenda kumsalimia akampelekea ya boksi jeupe, bure kabisa. Baba akamrudishia. "Ahsante baba, lakini mimi ni wa timu ya kijana wangu. Nikihama leo, yeye atatembeaje mjini?" Nilivyosikia hayo nilitamba grupuni wiki nzima. Jamani, nilitamba!

Msimu huu wa kukausha tumbaku nikaenda kumsaidia. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimkuta baba nyuma ya bani, pale tunapokaushia, amelala kifudifudi, ameshapoa. Simu ilikuwa mkononi, imezima. Kidole gumba kiko juu ya kioo. Niliichomoa nikaitia mfukoni kwangu kabla watu hawajafika, na mama nikamwambia baba ameondoka kama mtu aliyesinzia. Mtu mmoja tu nilimwambia ukweli. Nilimwambia, "Maganga, mzee alikuwa ananitafuta." Akanishika shingo, tukalia wote.

Siku ya kuanua matanga, watani wakaingia kazini. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo vichwani. Jirani yetu, bibi wa Kigogo, akajitupa kwenye mkeka wa baba, akagoma kuinuka mpaka apewe kuku. "Mnyamwezi wewe, umeniachia nani wa kumtukana?" Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikaona sawa, ndiyo kazi ya mtani, kupoza.

Mara akatokea Maganga. Kavaa kofia ya baba, kakaa kwenye kiti chake, simu sikioni. "Halo! Halo! Mwanangu! Unanisikia?" Sauti ile ile ya mzee, na kikohozi chake. Akaitazama simu, akaitikisa. "Ah, imezima! Timu Bluu hiyo! Nyeupe niliikataa mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko, waliotoka mbali wakadhani naye ni Mgogo. Mama alicheka mpaka akajifuta macho na kanga.

Nikamvuta pembeni. "Maganga, wewe ni Mgogo?"

"Mwenyekiti, si utani? Nilitaka na wewe ucheke, unakauka."

"Wewe ni Mnyamwezi kama mimi. Utani wa msibani umeutoa wapi?"

"Bluu na Nyeupe watani. Aliandika nani?"

Niliandika mimi. Mimi huyu, mwenyekiti wa Bluu.

Sasa Maganga ameleta mshenga kumposa mdogo wangu, nimuite Neema. Wanapendana, hilo nalijua siku nyingi. Mjomba amesema mkubwa wa nyumba sasa ni mimi, wote wanasubiri neno langu. Neema amekuja mpaka kibandani. "Kaka, unamnunia mtu kwa kumuigiza baba? Wewe umewatania wangapi mpaka wakatoka kwenye grupu?" Kweli, ni wengi. Lakini Neema hajui kilichokuwa mkononi mwa baba. Nikikataa nitaulizwa sababu, na sababu hiyo ikimfikia mama itamuua. Nikikubali, Maganga atakuwa shemeji yangu, kila Krismasi kwenye kile kiti, na mimi kila akisema halo nitamsikia mzee.

Nimechoka, ndugu zangu. Juzi simu mpya ya Bluu imetoka, grupu zima linaniita, "Mwenyekiti vipi, mbona kimya? Umehama?" Nikaangalia picha zake zote. Nikaona ni simu tu.

Leo asubuhi mama kapiga. "Mwanangu, Jumapili baada ya ibada mshenga anarudi. Nimwambie nini?" Nikajifanya mtandao mbovu, "Mama, sikusikii, unakatakata."

Akajibu, "Mimi nakusikia vizuri tu, baba. Sema."

Nikakata. Hajapiga tena, na mimi nimeshindwa kumpigia. Ninyi mliosoma mpaka hapa, mngekuwa mimi mngemwambia nini yule mama? Nipeni neno la kusema, yangu yameniishia.