Fimbo ya Bibi Ilipofupishwa

Juzi, kwenye duka la dawa Kibaoni, muuzaji alikuwa akimpimia mzee mmoja fimbo, mpini ufike kwenye kifundo cha mkono. Nikakumbuka harufu ya unga wa mbao uani kwetu, alasiri ile baba alipoikata fimbo ya bibi kwa msumeno na kuivisha chini kipande cha ndala kuukuu. Nililia. Niliamini fimbo fupi ingemwangusha, kumbe ile ndefu ndiyo iliyomuumiza bega hadi akawa ananiegemea mimi.

Bibi alisimama. Nikamsogezea bega langu.

"Leo pumzika, mjukuu wangu."

Akavuka uwanja peke yake, taratibu. Nilidhani hanihitaji tena.

Alipofika njiani aligeuka. "Sasa unabaki huko na nani? Njoo tushikane mkono, twende kanisani."