Vyumba vya Moyo wa Mbuzi

"Weka huo moyo chini. Baba mkwe wako akiletewa moyo uliokatwa, atajua tumeikataa posa yake," nyanya Kalekye alisema, lakini mjukuu wake, mwanafunzi wa unesi, alikuwa ameshaupasua huo moyo wa mbuzi. Mikono yake haijui kutulia. Hata akisonga ugali huacha mwiko akapima mapigo ya mtu. "Ona, nyanya, vyumba vinne." Nyanya, anayeapa kwamba aliwahi kumkama kifaru, aliduwaa. "Kumbe miaka yote napika nyumba ya watu?" Kwa sauti yake ya chini, kama anayeombea chakula, msichana alisema, "Damu huingilia hapa," akapenyeza kidole hadi kikachungulia upande wa pili. Nyanya alijishika kifua. "Na wangu una mlango hapo?" Kabla hajajibiwa, baba mkwe aliingia jikoni mikono ikichuruzika maji ya kunawa, akakuta kidole bado kimo moyoni.