Pampu ya Bani Awadh

Mukbil Saif alikuwa mchonga mawe, lakini huko Bani Awadh, milimani Yemen, watu walimjua kwa maji. Yeye ndiye waliyemchagua kuongoza kamati ya pampu ya kisima. Kila nyumba ilichangia dizeli na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Aliyeruka zamu alisemwa msikitini mbele ya wote, awe nani awe nani.

Kisha wakaja wafadhili na dizeli ya bure. Mkuu wa wilaya akaivunja kamati, akamweka shemeji yake, Abdulghani.

"Usikubali," Taqiya alimwambia mumewe. "Mtu msiyemchagua, mtamwondoaje?"

Mukbil akacheka. "Maji ya bure yana ubaya gani, bibi wee? Niache nami nipumzike."

Akapumzika kweli. Watu waliacha kuchanga, wakaacha na kukutana. Mirungi ya Abdulghani ikawa inanyweshwa kabla ya watoto, na aliyenung'unika aliambiwa akawashtakie Wazungu.

Siku moja msaada ukakatika, bila hata kwaheri. Abdulghani akahamia mjini Taizi, pampu ikanyamaza. Mukbil akaanza kubisha hodi mlango hadi mlango kuomba watu wachange tena.

"Tuchange, halafu wafadhili wakirudi tuletewe shemeji mwingine?" jirani yake Rashad alimuuliza.

"Safari hii tutasimama wenyewe."

"Ulikaa ulipotakiwa kusimama, ami. Leo magoti yamepona?"

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Mukbil akarudi nyumbani kichwa chini.

Taqiya akawa anateremka bondeni na punda kuteka maji. Asubuhi moja aliteleza kwenye mawe, akavunjika nyonga. Hakutembea sawasawa tena.

Msaada ulirudi mwaka uliofuata, mdogo kuliko wa kwanza, na mkuu wa wilaya akaja na binamu yake asimamie pampu. Mukbil akasimama mkutanoni.

"Tuchague wenyewe!"

Mikono minne tu ilinyanyuka. Wengine macho yao yalikuwa kwenye mapipa ya dizeli. Kiu haingoji kura.

Nyumba hizo nne zikajichimbia birika la maji ya mvua, Mukbil akachonga mawe yake. Jioni moja Taqiya alikuwa ameketi ukingoni, gongo pembeni.

"Ungesema vile siku ile ya kwanza," aliuliza, "ungepata mikono mingapi?"

Mukbil alipangusa vumbi la mawe usoni.

"Yote, Taqiya. Walikuwa wananingoja mimi."