Bibi Aliyenirudisha Majini

Nakumbuka vizuri asubuhi ile niliposhuka kwenye basi Newala, bega la kulia limefungwa bandeji, nimenuna kama mtoto aliyenyimwa uji. Nilikuwa nimeaga maji moja kwa moja, mwanangu, na nilitaka kila mtu ajue.

Wewe unaniona leo na kipenga shingoni, nakufokea kutoka ukingoni mwa bwawa, unadhani nilizaliwa hivi. Nimezaliwa Mkunya, huko juu kwenye uwanda wa Newala, ambako maji ya kunawia uso yakimaliza kazi yake yanapelekwa kwenye mboga. Baba alikuwa mwalimu. Alipohamishiwa Mtwara ndipo nikajifunza kuogelea. Kocha wangu nusura achanganyikiwe. Miguu niliichezesha taratibu, chini kwa chini, maana kila maji yaliporuka nje ya bwawa nilihisi mama ananigombeza.

"Piga maji, binti!" kocha alipaza sauti. "Hapa hakuna atakayekusema!"

Siku nilipothubutu kuyapiga, wenzangu wote niliwaacha nyuma. Sijisifu, ila ndivyo ilivyokuwa.

Nikachaguliwa timu ya taifa. Nikasafiri, nikashinda, nikazoea kushangiliwa. Kisha bega likagoma. Daktari akaniambia nikiendelea kushindana, mkono hautainuka tena. Nililia mpaka macho yakavimba, nikafungasha, nikaenda Newala kwa Bibi, mama yake baba.

Nilimkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole na safari."

Habari za bega hakuuliza. Alinipa kisu, nikamenya kwa mkono wa kushoto, vibaya mno, huku nikimweleza kwamba mimi na kuogelea basi, bwawa sitaki hata kuliona. Aliniacha niseme mpaka nikachoka.

"Njia ya bondeni alikuonyesha nani?" akauliza.

Nikamjibu ni shangazi Melania. Enzi zetu maji tuliyafuata bondeni, kwa njia yenye mteremko mkali na kuteleza, na sisi wasichana tulikuwa na desturi yetu: mara ya kwanza huteremki peke yako. Anayeijua njia anakwenda nawe, anakuonyesha pa kukanyaga, na siku hiyo yeye anabeba ndoo ndogo ili abaki na mkono wa kukushika.

"Melania alirudi na kindoo," Bibi akasema. "Kuna mtu alimcheka?"

"Hapana, Bibi."

"Basi na wewe sasa ndoo yako imekuwa ndogo. Unanunia nini? Rudi kule, kuna watoto hawaijui njia."

Nilikasirika, sikufichi. Nilitaka kuhurumiwa, nikapewa kazi. Lakini maneno yale hayakuniacha nilale vizuri, na kabla bandeji haijatolewa nilikuwa nimerudi Mtwara kumwomba kocha anipe kundi la kufundisha. Akanipa wadogo kabisa, wale wanaoogopa hata kulowa uso. Nilianza nao kwa uvivu, moyo wangu uko kwenye mashindano niliyoyakosa. Halafu kukawa na Anjelina, mtoto wa muuguzi mmoja aliyetoka Chiungutwa, king'ang'anizi wa ukingo. Siku alipoachia ukingo akaelea mwenyewe, alicheka kwa sauti, nami nikacheka naye. Bega nilikuwa nimelisahau.

Miaka ikapita. Anjelina huyo huyo aliingia kwenye mashindano ya taifa, mimi nimesimama ukingoni na saa mkononi, akagusa ukuta kwa muda mfupi kuliko wowote niliowahi kuogelea mimi. Kwanza wivu ulinichoma. Mimi ni binadamu. Kisha nikajikuta nimeruka majini na nguo zangu, na viatu vyangu, kumkumbatia. Medali zangu zote hazikunipa furaha ile.

Kwa hiyo, mwanangu, shindana sasa kwa nguvu zako zote, wala usione haya kutaka kushinda. Lakini mwili nao huchoka. Siku utakapokukatalia, lia kidogo, ni haki yako, halafu ufute machozi umtafute mtoto anayeogopa maji uanze naye. Ujuzi wako usiufungie kabatini.

Mungu akupe pumzi ndefu na mabega imara. Na akuweke hai umwone uliyemfundisha akikupita, nawe uwe wa kwanza kumshangilia.