Akiba ya Mshono

Mtu mwingine akinenepa, zipu humpa taarifa. Zipu za Fundi hazikuwahi kupata nafasi ya kusema. Nguo ikianza kumbana kwapani, aliigeuza ndani nje, akafumua mshono, akauachia kidole kimoja na kuushona upya kabla mteja wa kwanza hajapiga hodi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, fundi wa zamani: kila nguo iachiwe vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono. Wenyewe waliita akiba. Basi mwanamke anayejua kushona anaweza kunenepa mwaka mzima asijue, na Fundi ndivyo alivyonenepa, kwa msaada wa mikono yake mwenyewe.

Mwaka wenyewe ulianza siku walipomzika mama. Asidhani mtu kwamba alilia. Aliosha masufuria ya msiba, akarudisha viti vya watu, na Jumatatu akafungua duka akashona sare za shule. Watu wakasema ana roho ngumu. Roho ngumu wapi! Alikuwa hasikii kitu tu, kama mkono uliolaliwa.

Kuna jambo moja lilibaki. Mama alipokuwa mgonjwa alikuwa na saa yake. Usiku wa manane aliita, "Mwanangu, chai," na Fundi akaamka, akachemsha maji, akakata mkate. Mama alinyofoa pale katikati palipo laini, akatafuna kidogo, halafu akaisukuma sahani. "Malizia, nimeshiba." Fundi akamalizia. Mama alipokwenda, saa yake haikwenda naye. Fundi aliendelea kuamka bila kuitwa, akakoroga chai ya sukari nyingi, akakata mkate wa watu wawili, akala wa mama kisha wa kwake. Hakuwa na njaa. Hata utamu hakuusikia. Alikula kwa sababu sahani ilikuwa haijaisha, na ikiisha alikaa macho mpaka kunapambazuka. Mchana usingizi ulimvamia kwenye cherehani, naye akaufukuza kwa biskuti. Mumewe, mtu wa maneno machache, usiku alijifanya amelala, na asubuhi alinunua mkate mwingine bila kuuliza ule wa jana umekwenda wapi.

Jumanne ya wiki ya harusi, mdogo wake akaja dukani na mfuko. Huyu ni muuguzi, mdomo anao, na ndiye aliyekuwa anaolewa. Harusi yake iliahirishwa kwa ajili ya msiba.

"Dada, gauni lako hili hapa. Alilishona mama. Alinikataza nisikuonyeshe mpaka wiki ya harusi."

Lilikuwa la bluu, limeshonwa kwa mkono tangu juu mpaka chini. Mama hakuwa tena na nguvu za kukanyaga cherehani; alilishona kitandani, zile asubuhi Fundi akiwa dukani na mdogo wake akishika zamu ya kuuguza. Hakuna nguo nyingine aliyoishona baada ya hiyo. Na Jumamosi, Fundi ndiye angesimama pale ambapo mama angesimama, akiwa amelivaa.

Akaingia nyuma ya pazia. Gauni likapita kichwani, likapita mabegani, likagoma kifuani. Akavuta. Likagoma vilevile.

"Linakaaje?" mdogo wake akauliza.

"Halikai."

Pazia likafunguliwa bila hodi. Muuguzi akamtazama dada yake kwa jicho la kazini.

"Dada, wewe unalala?"

"Nalala. Naamka tu ile saa ya mama."

"Na ukiamka unakula."

"Chai. Na mkate kidogo."

"Usingizi ukikatwakatwa hivyo, mwili unachanganyikiwa, unadai chakula hata usichokihitaji. Nawaambia wagonjwa kila siku. Kumbe ninaye mmoja nyumbani!"

"Mimi si mgonjwa. Namalizia mkate tu, kama zamani. Si alikuwa anabakiza?"

Mdogo wake akaketi kwenye kiti cha wateja. Mdomo wote ukamwishia.

"Hakuwa anabakiza, dada. Zile dawa zilimkata hamu ya kula kabisa. Aliniambia mwenyewe: dada yako hatii kitu tumboni mchana kutwa, anakonda kwa ajili yangu. Alikuwa anakuamsha ili ule wewe."

Fundi alilivua gauni, akaligeuza, akachukua wembe. Kwa macho tu alikwishapiga hesabu: vidole viwili vya akiba visingetosha. Alifumua hivyo hivyo, maana mikono haikujua kazi nyingine. Kitambaa kikafunguka vidole viwili, kikaendelea kufunguka. Vidole vinne. Upande wa pili, vinne.

"Alikosea," akasema. "Huku ni kuharibu kitambaa."

"Hakukosea. Nilimuuliza. Akasema, mwili alionao dada yako sasa ni wa kuuguza, si wake. Wake utarudi, na mimi sitakuwepo kumpima."

Mkono uliolaliwa, ukiamka, huuma. Fundi aliinamia meza ya kukatia, gauni kifuani, akalia kwa sauti kubwa hata mteja aliyefuata suruali yake akageuka mlangoni na kurudi alikotoka. Mdogo wake alimshika mgongo, wala hakumwambia anyamaze. Jioni gauni lilikuwa limeshonwa upya, na lilimkaa.

Usiku ule aliamka tena saa ileile. Mazoea hayaondoki kwa siku moja. Akachemsha chai, akakata mkate wa watu wawili. Alipoinua macho, mumewe alikuwa amesimama mlangoni, amechoka kujifanya amelala. Fundi alinyofoa pale katikati, akatafuna, na safari hii akausikia utamu. Akaisukuma sahani.

"Malizia," akasema. "Nimeshiba."

Mumewe akakaa, akala. Hakuwa amemaliza kutafuna aliposikia, kutoka chumbani, mkewe anakoroma.