Programu Iliyoruka Kimya

Watu wa Garsen hupenda kumjua mtu kwa kile anachouza, na hapo Guracha amewashinda. Hauzi mbuzi, hauzi miraa, hana pikipiki, wala hajaajiriwa na kaunti. Kutwa yuko chumba cha nyuma cha duka la fotokopi la rafiki yake Buya, ameinamia kompyuta, na ukimuuliza anafanya nini atakujibu kwa upole kwamba anatengeneza programu ya kuchezea video. Wengi huitikia kwamba kumbe yeye ni mtu wa sinema, wakaenda zao, naye hawasahihishi. Kwa joto la Garsen, kusahihishana ni kazi ya ziada.

Programu yenyewe inaitwa Malka. Ndivyo Waorma, watu wa Guracha, wanavyoziita njia za kuteremshia ng'ombe mtoni, zile zinazopita katikati ya mashamba na ambazo kila ukame ukija huleta maneno. Buya ni Mpokomo, wa wenye mashamba hayo, na siku alipolisikia jina hilo alicheka mpaka akashika mlango, akasema heri malka hii haipiti kwenye mahindi ya mama yake. Watu elfu kadhaa wameiweka Malka kwenye kompyuta zao, wengi wao katika nchi ambazo Guracha hawezi kuzionyesha kwenye ramani bila kubahatisha. Humwandikia kwamba maandishi ya chini yanachelewa, au sauti inaitangulia picha. Yeye hurekebisha, na kila baada ya wiki chache hutoa toleo jipya.

Nikuambie siri yake: sehemu kubwa ya kazi huifanya akiwa amefumba macho. Baada ya sala ya adhuhuri hujinyoosha kwenye mkeka nyuma ya mashine ya fotokopi, feni ikizunguka kivivu, na mashine ikihema kila Buya anapomtolea mtu nakala ya kitambulisho. Hapo, kabla usingizi haujamchukua sawasawa, huziona picha za video zikipita moja moja mbele yake, taratibu, zikiwa na rangi ya maji ya mto Tana baada ya mvua za nyanda za juu. Huzitazama tu. Mara, moja kati ya hizo huchelewa kidogo, na Guracha hujua kosa liko wapi. Huamka bila haraka, akanawa uso, akaandika mistari mitatu minne. Buya humwambia kila mtu kwamba rafiki yake hulipwa kwa kulala, na sijui kama amekosea sana.

Malka ilianza kwa sababu ya mama yake, Madina. Guracha alipokuwa shule ya upili, watu wa mradi wa chanjo ya mifugo walimwachia kamera ndogo, naye akaenda nayo mtoni akampiga picha ya video baba yake, mzee Abdullahi, akiwanywesha ng'ombe. Dakika kumi na nne. Miaka miwili baadaye homa ilimchukua mzee, na ikawa hakuna picha yake nyingine inayotembea. Lakini kamera ile ilikuwa ya aina ngeni, na hakuna kompyuta iliyokubali kuifungua video yake vizuri. Guracha alijifunza mwenyewe, kwa usomaji wa mtu mkaidi, hadi siku moja picha ikatokea, ila ng'ombe wote walikuwa kijani. Madina alisema kwamba yeye hajali, lakini mwenye ng'ombe angejali. Iliwachukua ng'ombe wale miezi mingine minne kurudia rangi zao.

Tangu hapo, kila siku baada ya sala ya alasiri, Madina huketi kwenye kigoda mbele ya kompyuta kuukuu nyumbani kwao, pale mji unapoishia na vichaka vya miiba ya mathenge kuanza. Hujimiminia chai ya maziwa, akabonyeza kitufe kimoja alichofundishwa, akamtazama mumewe kwa dakika kumi na nne. Halii, hasemi neno. Akimaliza hufunga kompyuta na kwenda kuona mbuzi wake. Guracha amezoea kumpita akiwa hapo, wala hajawahi kukaa naye. Video ile aliichoka zamani, wakati wa kuirekebisha.

Mwaka huu mwanafunzi mmoja wa Brazili alimwandikia akilalamika kwamba walimu wake hunyamaza mno katikati ya masomo. Je, Malka haiwezi kuruka pale mtu asiposema? Guracha alilala na swali hilo siku tatu, nyuma ya fotokopi, na siku ya nne akaamka na jibu. Programu ingesikiliza sauti ya binadamu, na palipokosekana ingerukia neno linalofuata. Ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba kichwa chake kilivimba. Badala ya kuiacha imezimwa ili anayetaka aiwashe, aliiwasha kwa wote. Toleo likatoka, kompyuta zikalichukua zenyewe, na sifa zikaanza kumiminika kutoka pande zote. Kwa wiki nzima alitembea Garsen kama bwana harusi, na hakuna aliyejua kwa nini.

Ilikuwa wiki ya pili alipogundua kwamba kompyuta ya mama haifunguliwi. Alasiri ilifika, chai ikamiminwa, kigoda kikawekwa pale pale, na Madina akaketi akiutazama mfuniko uliofungwa. Siku ya kwanza Guracha alidhani umeme umekatika. Siku ya tatu aliuliza.

Mama alizungusha kikombe mkononi, kisha akasema kwa Kiorma, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, "Nimemmaliza baba yako."

Guracha hakuelewa, na Madina akamweleza pole pole. Zamani walikuwa na redio ya kanda, na kanda waliyoipenda zaidi ndiyo iliyochakaa kwanza. Ilianza kurukaruka, ikabaki vipande, ikanyamaza. Sasa na video imekuwa hivyo hivyo. Zile dakika zote zimebaki sauti ya mzee akiuliza kama kamera imewashwa, akiwa ameipa mgongo, na salamu ya mpita njia. Uso hauonekani tena. Amemtazama kila siku kwa miaka, hakumpumzisha hata siku ya Idi. Na hicho kidogo kilichobaki, mgongo na swali, ameamua kutokigusa, asije akakimaliza nacho.

Siku zote hizo mama huyu alikaa na hatia iliyokuwa ya mwanawe, akainywea chai kimya kimya. Guracha alimwambia kwamba mama hakuchakaza kitu, kwamba kosa ni la mwanawe, ndiye aliyeiagiza mashine imruke mtu asiyesema. Madina alimtazama kwa mashaka. Mtoto mwenye adabu angesema hivyo hivyo ili kumfariji.

Asubuhi alimweleza Buya kwamba anaandaa toleo jingine, la kuuzima urukaji ule kwa kila mtu. Buya aliacha kuhesabu karatasi.

"Wewe Guracha, hawa watu ya nje wanataka kitu ya haraka," alisema. "Ukiwarudishia polepole watahama wote."

"Wahame," Guracha alisema.

Toleo lilikuwa tayari adhuhuri, na siku hiyo hakulala. Malalamiko yalianza kuingia kabla hajafunga mlango, na wa kwanza alikuwa yule wa Brazili. Aliyaacha, akaenda nyumbani kabla ya alasiri, akaiwekea kompyuta ya mama toleo lile, akangoja amalize kusali. Madina alikataa kubonyeza. Alisema kama kimebaki kidogo, basi mkono utakaokimaliza usiwe wake. Guracha akabonyeza yeye, na kwa mara ya kwanza akavuta mkeka akaketi kando ya kigoda.

Mzee aliuliza kama kamera imewashwa. Mpita njia akasalimu. Kisha kimya kikaja, na safari hii picha haikuruka. Ng'ombe waliteremka ukingoni wakiwa na rangi zao, vumbi likatua juu ya maji, na Abdullahi akageuka. Madina akashika shavu. Mzee alisimama ameegemea fimbo, mdomo umefungwa, macho yakihama polepole, yakitua, yakihama tena. Dakika nzima ikapita, halafu nyingine. Guracha akajikuta anataka kitu kitokee.

"Hapa anafanya nini muda wote huu?" aliuliza.

Madina alimshangaa kidogo. "Anawahesabu. Ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, si unajua? Anampitia kila mmoja kwa macho. Yule mweupe mwenye doa, mama yake yule, yule aliyepotea kule Nanighi akarudi." Kidole chake kilifuata macho ya mumewe kwenye kioo, kutoka mnyama hadi mnyama, bila kukosea. Guracha alijua mwiko huo tangu utotoni, kama kila Muorma, ila hakuwahi kufikiri kwamba siku ile mtoni baba alikuwa kazini. Alidhani amesimama tu.

Wakakaa hivyo hadi ng'ombe wa mwisho. Ndipo mzee akainua macho, akatazama moja kwa moja kwenye kamera, akayatuliza pale macho yake kwa muda, na kutikisa kichwa mara moja. Picha ikaisha.

"Pale alikuwa ananiambia nizime," Guracha alisema.

"Hapana," Madina alisema. "Pale hesabu ilikuwa imekufikia wewe."