Mlango wa Shangazi Mwanakombo

Juzi, katika zahanati huku kwetu Msambweni, nesi alimweleza binti yangu wa mwisho, aliyevunja ungo mwezi huu, kwamba damu za mwanzo mara nyingi huja kabla mayai hayajaanza kupevuka. "Wewe ungali mtoto," akamwambia. Nikamwomba nesi alirudie neno hilo.

Maana mimi, shangazi yangu Mwanakombo alipoliona doa kwenye sare yangu nilipokuja kula mchana, alipiga kigelegele, akanifungia chumbani mwake na chetezo cha udi. Moshi ulinichoma macho. Nilidhani nimejikata ndani kwa kuruka kamba, naye ananificha nisigombezwe. Kisha nikamsikia barazani akimwambia baba, "Kaka, huyu keshakuwa mke. Mtafutie mume."

"Haya," baba akajibu. Hilo tu.

Kengele ya shule ikalia. Niliugonga mlango. "Shangazi, nifungulie, nitachelewa!"

"Utachelewa wapi, bibi harusi?" Akacheka.

Sare ile sikuivaa tena. Na huenda siku hiyo sikuwa na yai hata moja lililopevuka.

Tulipotoka kwa nesi nilimpeleka binti yangu shuleni, nikasimama langoni hadi akaingia darasani.